Mndimu wa Pili

Mofizul wa kitalu cha Barka kanizoea.
Zamani akinikimbilia na petunia za msimu,
na zulia la nyasi za plastiki, kwa mita:
"Mama, hizi hazitaki maji, hazitaki mtu."
Zisizotaka mtu, nikamwambia,
zitamtaka ndege?

Uwanja wangu ni hatua kumi na tisa kwa kumi na moja,
Al-Khoudh, nyuma ya nyumba,
ukuta wa matofali pande tatu
na viyoyozi vinne vinavyotutemea joto letu wenyewe.
Ghalib, mume wangu, alipanda damasi mstari mmoja,
akaukata sawasawa kama ndevu za bwana harusi.
Kijani, kweli. Miaka sita
hata shomoro hakuingia kuuliza hali.
Kilichoingia ni mizizi, kwenye bomba la choo,
na fundi akavuta kitu kirefu kama mkia wa ng'ombe
akakilaza barazani, Ghalib akitazama kando.

Basi nikaanza upya, na swali jingine.
Si: ua gani zuri?
Ila: nani atakula hapa, na atalala wapi?

Mkunazi kwanza. Una miba, ndiyo,
kanzu mbili za Ghalib zimeacha uzi pale,
lakini paka wa Bi Shinuna naye ana ngozi ya kuhurumia,
na shore kaweka kiota katikati ya miba
kama mtu aliyeficha dhahabu kwenye unga.
Mkomamanga kwa ajili ya chozi:
mweusi, mpaka jua limguse,
hapo ndipo unaona alikuwa buluu siku zote.
Mhina kwa nyuki wadogo, na kwa harufu
ya mikono ya mama yangu, aliyezaliwa Wete na hakurudi.
Maji ya kiyoyozi, yale ya tone tone,
nimeyaelekeza kwenye bakuli la udongo
lenye jiwe katikati, nyigu asizame.
(Ndiyo, hata nyigu. Tumeshagombana juu ya hilo.)

Na lile rundo la makuti pembeni silisogezi.
Ghalib huliita takataka.
Mwezi wa nane, saa nane usiku, joto bado limekaa kitako,
hutoka humo kalunguyeye, masikio makubwa,
akinywa kwa kelele kama mzee mwenye chai ya moto.
Ghalib siku hizi hukesha dirishani. Anasingizia kiungulia.

Lakini nisijisifu.
Mwaka juzi niliokota viwavi kwenye mndimu wangu,
ishirini na watatu, niliwahesabu,
wadogo wamefanana na kinyesi cha ndege,
wakubwa kijani, wakinitolea vipembe vyenye harufu,
nikawazamisha kwenye kopo la maji ya sabuni
mmoja mmoja.
Ndimu zikajaa. Tulikamulia samaki.
Machi ilipofika mjukuu wangu Muhanna akauliza
wako wapi vipepeo weusi wenye madoa ya njano
niliomwahidi.
Nikamwambia hawajafika.
Neno hilo limenikaa kooni hadi leo.

Ndiyo maana niko Barka tena, Alhamisi.
Nataka mndimu wa pili, usio wetu.
Wa kuliwa.
Mofizul anacheka, anadhani Kiarabu changu kimeteleza.
Ananichagulia mche mzuri; nauacha.
Nachukua ule wa nyuma, majani yameng'atwa ukingoni,
na chini ya jani moja kitone, njano hafifu,
kidogo kuliko punje ya mtama.
Anaona aibu, analeta kitambaa afute,
anataka kunipunguzia nusu riali.

Nimemshika mkono.
Nimelipa bei kamili.
Kiyoyozi cha gari nimekielekeza kwangu, si kwake,
na njia nzima nimevuka kila tuta
kama niliyebeba uji.